Jinsi ya Kulinganisha Mbinu za Upasuaji wa Gegedu la Goti Lililochanika

Mgonjwa anapoambiwa kwamba gegedu la goti lake limechanika na kwamba huenda akahitaji upasuaji, mara nyingi huuliza atafanyiwa lini na itagharimu kiasi gani. Ni maswali ya haki, ila lipo moja linalopaswa kuyatangulia: je, daktari anakusudia kulishona gegedu hilo, au anakusudia kukata na kuondoa kipande kilichochanika? Njia zote mbili hupitia matundu madogo ya ngozi, zote hutumia kamera nyembamba inayoingizwa ndani ya kiungo, na makovu yake yanaweza kufanana kiasi kwamba mtu akaondoka hospitalini bila kujua ni ipi aliyofanyiwa. Hata hivyo, moja humrudisha kwenye shughuli zake ndani ya wiki chache huku sehemu ya gegedu lake ikiwa haipo tena, na nyingine humzuia kwa miezi kadhaa ili gegedu hilo libaki mahali pake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzilinganisha mbinu hizo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Fahamu kwanza ni gegedu lipi

Goti lina gegedu la aina mbili, na katika mazungumzo ya kawaida neno hilo moja hutumika kwa zote. Aina ya kwanza ni gegedu jembamba, jeupe, linaloteleza, ambalo limefunika mwisho wa fupa la paja, sehemu ya juu ya muundi na upande wa nyuma wa pia ya goti. Aina ya pili ni meniskasi, yaani vipande viwili vya gegedu lenye nyuzinyuzi ngumu, kimoja upande wa ndani wa goti chenye umbo la herufi C, na kingine upande wa nje kinachokaribia duara. Mtu akisema gegedu lake limechanika, kwa kawaida ni meniskasi inayozungumzwa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inaihusu.

Mwisho wa fupa la paja ni wa mviringo, na juu ya muundi ni karibu bapa. Meniskasi hufanya kati ya mifupa hiyo kazi ile ile ambayo ngata hufanya kati ya mtungi na kichwa cha mchota maji: huupa uzito mahali pa kutulia na kuutawanya, usigandamize sehemu moja. Jambo hili halikueleweka mapema. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mwingereza John Bland-Sutton aliielezea meniskasi kuwa ni mabaki ya misuli yasiyo na kazi, na kwa miongo mingi madaktari wa upasuaji waliendelea kuitoa yote kila ilipochanika. Mwaka 1948 daktari T. J. Fairbank alichapisha uchunguzi wa picha za eksirei za magoti yaliyoondolewa meniskasi, akaonyesha kwamba nafasi kati ya mifupa ilikuwa imepungua, mwisho wa fupa la paja ulikuwa umebapa, na ukingo wa mfupa ulikuwa umeota pembeni. Inasikitisha kufikiri kwamba tangu mwaka 1883 daktari Thomas Annandale, huko Edinburgh, Uskoti, alikuwa tayari amemshona mchimba madini mmoja meniskasi yake badala ya kuitoa, na mgonjwa huyo akarudi kazini.

Isome ripoti ya MRI pamoja na daktari

Eksirei haionyeshi meniskasi. Huonyesha mifupa na nafasi iliyo kati yake. Ulinganisho wa maana huanzia kwenye kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, na kwa kuwa ripoti zake huandikwa kwa lugha ya kitaalamu, mwombe daktari akuchoree goti kwenye karatasi na akuonyeshe mambo matatu.

La kwanza ni mahali palipochanika. Mishipa ya damu huingia kwenye meniskasi kutokea ukingo wa nje tu. Steven Arnoczky na Russell Warren, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1982, walionyesha kwamba damu hufika asilimia 10 hadi 30 tu ya upana wa meniskasi ya ndani, na asilimia 10 hadi 25 ya meniskasi ya nje. Ndiyo maana madaktari huzungumza juu ya eneo jekundu, ambalo lina damu na linaweza kuunga, na eneo jeupe lililo karibu na katikati ya goti, ambalo halina damu na huunga kwa shida sana. Mchaniko wa milimita chache kutoka ukingoni una matumaini ambayo mchaniko wa ukingo wa ndani hauna, hata kama yote miwili ina urefu sawa.

La pili ni umbo la mchaniko. Mchaniko uliosimama wima na kufuata urefu wa meniskasi ndio unaoshoneka vizuri kuliko yote. Ukiwa mrefu, kipande cha ndani kinaweza kupinduka na kuingia katikati ya kiungo kama mkono wa ndoo unaogeuzwa upande wa pili, goti likakwama na kushindwa kunyooka. Mchaniko unaokata kutoka ndani kuelekea nje huvunja duara lenyewe, na uliolala huigawa meniskasi katika tabaka mbili, la juu na la chini. Upo pia mchaniko wa kipande kinachoning'inia, na upo ule wa vipande vingi visivyo na mpangilio, ambao mara nyingi ni dalili ya gegedu lililochakaa. Mchaniko wa mzizi, mahali meniskasi inaposhikamana na mfupa kwa nyuma, unahitaji kutajwa peke yake, kwa sababu mzizi ukikatika meniskasi nzima husukumwa nje ya goti na kukoma kubeba uzito, hata kama mwili wake unaonekana mzima.

La tatu ni iwapo kweli pamechanika. Ripoti nyingi hutaja mabadiliko ya daraja la kwanza au la pili ndani ya meniskasi. Madaraja hayo humaanisha kwamba alama inayoonekana haijafika kwenye uso wa gegedu, kwa hiyo si mchaniko na hakuna cha kushonwa. Daraja la tatu ndilo linalofika usoni. Nimewaona watu waliobeba ripoti ya daraja la pili kwa miezi kadhaa wakiamini kwamba wanasubiri upasuaji, jambo ambalo maelezo ya dakika tano yangelimaliza.

Jiulize kama upasuaji unahitajika

Kijana aliyepinda goti uwanjani, akasikia mlio, goti likavimba na sasa linakwama, hayuko katika hali moja na mtu wa miaka 52 ambaye goti lilianza kumuuma polepole na MRI ikaonyesha mchaniko wa uchakavu. Kwa huyu wa pili ushahidi ni mzito. Watafiti wa Ufini walichapisha mwaka 2013 jaribio lililohusisha wagonjwa 146 wa umri wa miaka 35 hadi 65, wenye mchaniko wa uchakavu wa meniskasi ya ndani lakini ambao magoti yao yalikuwa hayajasagika, yaani gegedu linalofunika mifupa lilikuwa halijalika. Nusu yao walikatwa kipande kilichochanika, na nusu walifanyiwa maigizo ya upasuaji, yaani matundu yalitobolewa na kamera ikaingizwa, lakini hakuna kilichokatwa. Baada ya miezi 12 makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maumivu wala kwa utendaji wa goti. Mwaka 2016 watafiti wa Norwei waliwalinganisha watu wazima 140, wengine wakipewa mazoezi tiba kwa wiki 12 na wengine wakikatwa, na baada ya miaka miwili matokeo ya pande zote yalikuwa sawa.

Kwa hiyo, mwenye mchaniko wa uchakavu na goti lisilokwama anafaa kuanza na mazoezi tiba ya miezi mitatu yanayoimarisha misuli ya paja na nyonga, pamoja na kupunguza uzito pale inapohitajika. Hilo si kumwahirishia tiba, kwani hiyo ndiyo tiba yenyewe. Upasuaji hubaki kwa yule ambaye goti lake limekwama kweli, au ambaye mazoezi yaliyofanywa kwa dhati hayakumsaidia. Goti lililokwama halifai kusubiri kwa muda mrefu, kwa sababu kipande kilichopinduka huendelea kusagwa na kupoteza umbo, na mchaniko uliokuwa wa kushonwa hugeuka kuwa wa kukatwa.

Kukata na kushona: pima faida ya leo na hasara ya kesho

Katika kukata, daktari huondoa sehemu iliyochanika tu na kulainisha ukingo uliobaki. Upasuaji huu wa kupitia matundu ulifanywa kwa mara ya kwanza na Masaki Watanabe mjini Tokyo mwaka 1962, na faida zake ni za wazi: huchukua muda mfupi, mgonjwa hukanyaga mguu siku ile ile au kesho yake, anayefanya kazi ya ofisini hurudi ndani ya wiki moja au mbili, na wengi hurudi michezoni baada ya wiki nne hadi sita. Hasara yake haionekani mapema. Kadiri kipande kinachoondolewa kinavyokuwa kikubwa ndivyo uzito unavyogandamiza eneo dogo zaidi la gegedu la mifupa, na ndivyo goti linavyozidi kuwa katika hatari ya kusagika baada ya miaka. Upande wa nje wa goti huumia zaidi, kwa kuwa meniskasi ya nje hubeba sehemu kubwa zaidi ya uzito wa upande wake.

Kushona kuna sura tofauti. Hiroshi Ikeuchi, naye wa Tokyo, alishona meniskasi kwa kutumia kamera mwaka 1969, na tangu hapo mbinu zimeboreshwa sana, lakini mwili bado unahitaji muda wa kuunga. Si kila mshono unaofaulu: tafiti zilizowafuatilia wagonjwa kwa zaidi ya miaka mitano zinaonyesha kwamba takriban mmoja kati ya wanne au watano hurudi kufanyiwa upasuaji mwingine, au mshono wake huhesabiwa kuwa umeshindwa. Aliyekatwa, kwa upande wake, hurudi chumba cha upasuaji mara chache zaidi katika miaka ya mwanzo. Mgonjwa anayeangalia takwimu hiyo pekee anaweza kudhani kwamba kukata ni bora, ilhali kinacholinganishwa ni uwezekano wa kurudi hospitalini baada ya miaka miwili na uwezekano wa kuwa na goti lililosagika baada ya miaka 20. Kwa maoni yangu, mtu aliye chini ya miaka 40 mwenye mchaniko wa wima katika eneo jekundu anapaswa kushonwa, na daktari anayependekeza kukata katika hali hiyo anapaswa kueleza sababu. Umri peke yake haumkatazi mtu mwenye miaka 50 kushonwa, kama gegedu lenyewe bado ni zima na goti halijasagika.

Hali moja huongeza sana matumaini ya mshono. Kano mtambuka ya mbele, ambayo wachezaji wengi wanaijua kwa herufi ACL, ikitengenezwa katika upasuaji huo huo, meniskasi iliyoshonwa huunga vizuri zaidi, kwa sababu kutoboa mfupa huachia damu na chembe za uboho ndani ya kiungo. Madaktari wengine huiga jambo hilo hata pale kano ikiwa nzima, kwa kutoboa vishimo vidogo kwenye mfupa karibu na kano, au kwa kuukwaruza ukingo wa mchaniko mpaka utoe damu. Muulize daktari wako kama atafanya hivyo.

Njia tatu za kushona

Daktari akisema atashona, bado kuna namna ya kushona. Njia ya zamani zaidi kati ya zile za kamera ni kushona kutoka ndani kwenda nje. Sindano mbili ndefu zilizounganishwa kwa uzi mmoja hupitishwa ndani ya mrija, zikatoboa meniskasi, zikatokea nyuma ya goti kupitia mkato wa sentimita chache, na uzi ukafungwa juu ya utando unaozunguka kiungo. Kwa miaka mingi njia hii imekuwa kipimo cha nyingine zote. Mshono wake ni imara, hasa unaposimama wima. Nyuzi zake ni nyembamba, kwa hiyo daktari anaweza kuweka mishono mingi kwa mchaniko mrefu. Na gharama ya vifaa ni ndogo. Kinachohitajika ni msaidizi mwenye ujuzi na mkato wa ziada, tena kwa uangalifu, kwani upande wa ndani neva ya hisia ya mguu hupita karibu, na upande wa nje ipo neva inayonyanyua unyayo. Neva hiyo ya pili ikijeruhiwa, mtu hushindwa kuinua kidole gumba cha mguu.

Kushona kutoka nje kwenda ndani ni kinyume chake. Sindano tupu, mara nyingi ile inayotumika kwa ganzi ya uti wa mgongo, hutobolewa kupitia ngozi hadi ndani ya meniskasi, uzi ukapitishwa ndani yake na kuvutwa tena nje. Njia hii inafaa zaidi kwa sehemu ya mbele ya meniskasi, ambako vifaa vingine havifiki kwa urahisi, lakini haifai kwa sehemu ya nyuma. Ninaitaja kwa heshima maalumu kwa sababu vifaa vyake hupatikana karibu kila chumba cha upasuaji, na katika hospitali zetu nyingi jambo hilo linaweza kuamua kama mgonjwa atashonwa au atakatwa.

Njia ya tatu ni kushona kwa ndani pekee. Daktari huingiza kifaa chenye vinanga viwili vidogo vilivyounganishwa kwa uzi wenye fundo linalojikaza. Kila kinanga hutobolewa hadi nyuma ya meniskasi, kikabaki huko, na uzi ukakazwa. Hakuna mkato wa ziada, muda wa upasuaji hupungua, na sehemu ya nyuma hufikika vizuri. Vifaa vya kwanza vya aina hii, vilivyotumika sana miaka ya 1990, vilikuwa mishale migumu ya kuyeyuka ambayo wakati mwingine ilichubua gegedu la fupa la paja, na sifa hiyo mbaya bado inasimuliwa, ingawa vifaa vya leo ni vya uzi. Hatari iliyobaki ni kutoboa kupita kiasi, kwani mshipa mkuu wa damu hupita nyuma ya goti karibu na meniskasi ya nje. Jambo la kuuliza mapema ni gharama: kifaa kimoja hutoa mshono mmoja, na mchaniko mrefu unaweza kuhitaji vinne au zaidi. Uliza kama bima yako hulipia kila kifaa au hulipia upasuaji kwa jumla, ili tofauti isije ikakuangukia baadaye.

Tafiti zilizolinganisha kushona kutoka ndani kwenda nje na kushona kwa ndani pekee hazijaonyesha tofauti kubwa katika kuunga. Kwa hiyo usichague daktari kwa sababu ya kifaa. Muulize ni njia ipi anayoitumia mara nyingi na ni meniskasi ngapi alizoshona katika mwaka uliopita, kwa kuwa mkono uliozoea una thamani kuliko jina la kifaa.

Mchaniko wa mzizi hauingii katika njia hizi tatu. Daktari hutoboa njia kwenye muundi, huuvuta mzizi chini kwa nyuzi mpaka ukae mahali pake, kisha huzifunga upande wa mbele wa mfupa. Mgonjwa wake kwa kawaida hakanyagi mguu huo kwa takriban wiki sita.

Gegedu la uso wa mfupa likiwa ndilo lililoharibika

Hapa hakuna cha kushona. Kuna shimo linalohitaji kujazwa. Kwa shimo dogo, kwa kawaida lisilozidi sentimita 2 za mraba, daktari anaweza kutoboa vitundu kwenye mfupa ili damu ya uboho ijaze pengo, mbinu iliyoenezwa na Richard Steadman wa Colorado, Marekani. Ni nafuu, lakini kinachoota ni kovu la nyuzinyuzi ambalo si imara kama gegedu la asili, na nafuu yake mara nyingi hupungua baada ya miaka michache. Mbinu nyingine ni kuhamisha vipande vya silinda vya mfupa pamoja na gegedu lake kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito mkubwa, na László Hangody wa Hungaria ndiye aliyeifanya ijulikane. Kwa mashimo makubwa ipo mbinu ya kuotesha chembe za gegedu la mgonjwa mwenyewe maabara na kuzirudisha katika upasuaji wa pili, ambayo Mats Brittberg na wenzake wa Uswidi waliielezea mwaka 1994. Hii ya mwisho inahitaji maabara maalumu na gharama yake ni kubwa sana.

Linganisha mbinu na maisha yako

Mbinu nzuri inayofuatwa na miezi ya kukiuka masharti si mbinu nzuri. Baada ya kushonwa, tarajia magongo kwa wiki nne hadi sita, kifaa cha kushikilia goti, katazo la kukunja goti zaidi ya nyuzi 90 katika kipindi hicho, kutokuchuchumaa kwa angalau miezi minne, na kutorudi kwenye mpira kabla ya miezi minne hadi sita. Katazo la kuchuchumaa ndilo linalovunjwa zaidi, kwa sababu maisha yetu mengi hufanyika chini: choo cha kuchuchumaa, kufua kwenye beseni, kupalilia, kula mkekani, kikao cha tahiyatu. Goti lililokunjwa kabisa husukuma sehemu ya nyuma ya meniskasi, pale pale uliposhonwa. Tafuta kiti cha choo cha kubebeka kabla ya siku ya upasuaji, panga ni nani atakayekufulia, na ukiwa unaswali, ruhusa ya kuswali kitini kwa mgonjwa inajulikana. Dereva wa bodaboda au mkulima wa jembe akitazama miezi hiyo na kuona kwamba familia haitakula, hilo ni jambo la kumwambia daktari mapema na wazi, kwa kuwa linaweza kubadilisha uamuzi au tarehe.

Daktari mara nyingi huamua kushona au kukata akiwa tayari ameingiza kamera, mgonjwa akiwa amepewa ganzi au nusu kaputi. Kwa hiyo ridhaa yako ieleze mapema: kwamba unakubali kushonwa ikiwezekana, na kwamba umejiandaa kwa magongo. Baada ya upasuaji rudi hospitalini bila kuchelewa ukipata homa, goti likivimba na kuwa la moto, kigimbi kikiuma na kuvimba, au ukikosa pumzi ghafla. Na kabla ya kuondoka, omba nakala ya maelezo ya upasuaji pamoja na picha za kamera, zikionyesha ni njia gani iliyotumika, mishono mingapi, na kama kuna kipande kilichoondolewa ni kikubwa kiasi gani. Goti likiuma tena baada ya miaka mitatu, daktari mwingine katika mji mwingine atahitaji kujua kilichobaki ndani, na MRI pekee huwa inashindwa kutofautisha kovu la mshono wa zamani na mchaniko mpya.